Salamu za Bibi Hewani

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya kioo cha moto hunirudisha Nyanungu, kwenye karakana ya misheni alikofanya kazi baba. Humo, nyuma ya majembe ya kukokotwa na ng'ombe yaliyosubiri kuchomelewa, ulikaa mtambo wa redio koli wa zamani, mkubwa kama kabati la vyombo. Ndani yake mlikuwa na taa za kioo ambazo baba aliziita valvu. Ukiwashwa, kwanza ulinuka vumbi, kisha ukanguruma kidogo, kisha valvu zikaanza kung'aa rangi ya chungwa na kona ile nzima ikapata joto la jikoni. Nilikuwa na miaka tisa, binti mwenye maswali mengi kuliko subira ya baba, lakini masika yale nilibaki na swali moja tu: mama yuko hai?

Mama alikuwa amekwenda kuwaona wazazi wake Machochwe, ng'ambo ya Mto Mara, akiwa na mimba ya miezi saba. Akaugua huko, akalazwa kwenye zahanati. Habari hiyo tuliletewa na mchuuzi mmoja wa ng'ombe, aliyekuwa wa mwisho kuvuka kabla mto haujafurika, na baada yake hakuvuka tena mtu. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Zahanati ile ilikuwa na redio koli, ila mtambo wetu ulikuwa umekufa nusu: sehemu ndogo ya mbele, inayopokea sauti ya msemaji na kuikabidhi kwa valvu kubwa, ilikuwa imeungua, na vipuri vyake havikupatikana popote. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," baba alisema. Misheni ilikuwa imeletewa redio mpya, ya kubebeka kwa mkono mmoja, ambayo peke yake haikusikika mbali katikati ya ngurumo za masika. Baba akaamua kuwaoza wawili hao: redio mpya iseme, mtambo wa zamani upaze sauti. Kwa siku tatu alikata waya, akaziunga kwa risasi ya kuyeyushwa, akapima, akatukana kwa Kikurya, akapima tena. Nguvu za redio mpya alizishusha hadi chini kabisa, maana ikisukuma kwa uwezo wake wote ingeunguza valvu. "Mzee huyu ananyweshwa kwa kijiko," aliniambia, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu mchuuzi yule aondoke.

Siku ya nne, mchana, Machochwe wakaitika. Sauti ya muuguzi ilikuja imekwaruza, lakini ilikuja. "Mgonjwa wenu tunaye hapa," alisema. "Mnataka kujua hali yake?" Baba akanyoosha mkono, lakini bibi, mama yake, alikuwa amekwishakitwaa kipaza sauti. Nyumbani kwetu habari za mjamzito zilikuwa za bibi, na bibi hakupokea habari yoyote kabla ya salamu. Akabonyeza kitufe kama alivyofundishwa, akamsalimu muuguzi. Akauliza nyumba yao, watoto, ng'ombe, mvua, mahindi na ulezi. Alipokosa jibu, alidhani hawakumsikia, akapandisha sauti na kuanza upya kwenye nyumba. Baba alikuwa amemfundisha kubonyeza; kuachia hakumfundisha, naye hakuthubutu kumkatiza mama yake katikati ya salamu. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, mtambo husema tu, hausikii, na valvu huzidi kupata moto. Ndani ya kabati valvu kubwa ikawa nyekundu kama kaa la moto. Baba akairukia swichi akiwa amechelewa. Tukasikia mlio mdogo, kisha kimya.

Nililia kwa hasira, na nakiri kwamba siku ile nilimchukia bibi. Valvu ya akiba ilikuwa moja tu, nayo ikiungua tungesubiri mto upungue. Kesho yake baba aliipachika, akamsihi mama yake aziruke salamu. Bibi akakataa katakata. "Mimi ni mtu, mura, kijana wangu, si kuku wa kuingia nyumba ya watu akidonoa." Walibishana mpaka nikachoka. Nikasema, "Bibi, salimia, lakini uliza moja kisha uachie kitufe wakujibu."

Akanitazama. "Kumbe wanaweza kunijibu?"

Basi akauliza moja, akaachia. Muuguzi, naye pia mtu wa salamu, akajibu moja, akauliza yake. Nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Kila bibi alipoachia, valvu ilipoa. Salamu zetu zilikuwa zimeumbwa hivyo tangu zamani, za kupokezana, na mtambo ulizipenda. Baba alibaki akitikisa kichwa huku jasho likimtoka. Mwishowe bibi akauliza, polepole kuliko yote, "Na mke wetu?" Akaachia. Pakapita mikwaruzo mirefu iliyonitoa roho. Kisha ikaja sauti nyembamba niliyoijua. "Nipo, mama. Tupo wawili." Nilicheka na kulia, na bibi akaniambia nifute kamasi.

Mdogo wangu aliyezaliwa njiti masika yale leo ni baba wa watoto watatu. Mimi niko Mwanza, na kwa simu namwona mama hadi mikunjo ya uso wake, bila mkwaruzo hata mmoja. Sitamani kurudi kule. Mwenye mgonjwa ng'ambo ya mto hatamani. Ila siku hizi tunapata sauti upesi, na kwa upesi huohuo tunaiacha. Mwezi uliopita nilimpigia mama nikiwa kazini, nikaingia moja kwa moja kwenye swali lililonijia ghafla: siku ile ya redio, hali yake ilikuwaje hasa?

Akasema alikuwa hana nguvu hata ya kuinua kichwa, na wauguzi wawili walimshika mabega ili asogee kwenye kipaza sauti. Walimwambia apumzike, watamjibia wao.

"Sasa wewe," akaniambia, "ningekufaje, na mama mkwe bado anasalimia?"

Nikafunga kompyuta, nikakaa vizuri, nikaanza upya. "Shikamoo, mama."