Nilidhani biashara ya milango imekua, kumbe ilikuwa hofu ya kura

Wakuu, niaje. Hii sikuhadithiwa na mtu, nilijichoma mwenyewe, kwa hivyo nitaieleza vile ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa welding hapa Kianda, Kibera. Natengeneza milango na grili za madirisha. Nimehamahama sana, lakini moyo ulibaki Kawangware, nilikojifunzia kazi nikiwa kijana. Mpaka leo nikinusa mandazi asubuhi nasikia chuma kikigongwa. Tuachane na hayo.

Miezi michache kabla ya uchaguzi, mtaa ulipoa. Mama Atieno, jirani yangu anayeuza mitumba, aliacha kuongeza stock.

"Sifungui bale mpya mpaka kura ipite," alisema. "Nimfungulie nani? Wateja wanapeleka watoto ushago, kijijini, fujo zisiwakute."

Fundi wa viti akaacha kununua mbao. Kinyozi akaahirisha kuongeza kiti. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na kwa kungoja huko soko likalala kabla lolote halijatokea.

Kwangu ilikuwa kinyume. Foleni! Kila mwenye duka alitaka mlango wa chuma kizito, hata Mama Atieno.

Mutua, fundi mwenzangu kutoka Kitui, alikuwa akicheka huku anachomelea.

"Mzee, hawa hawajatajirika. Wameogopa tu. Woga ukiisha utamuuzia nani?"

"Wewe chomelea, nabii."

Nikachukua akiba yangu yote, nikafungua workshop ya pili Kawangware, nikaijaza shiti nzito za chuma. Nikisema ukweli, nusu ya uamuzi ule ilikuwa demand. Nusu nyingine ilikuwa tamaa ya kurudi kule nikiwa bosi.

Kura ikapita salama. Nilimshukuru Mungu kama kila mtu. Baada ya wiki nikagundua simu hailii.

Mama Atieno alifungua mabale matatu kwa mpigo. Watu wakarudi kutoka ushago, pesa ikaanza kuzunguka, lakini sasa walitaka stendi za nguo, rafu za duka, meza za chipsi. Vyote vya chuma chembamba. Mimi nilikuwa na shiti za kuzuia fujo, na fujo haikuja.

Kawangware nilifunga. Shiti niliziuza kwa hasara, nikanunua vyuma vyembamba, na Mutua akaanza na stendi ya Mama Atieno.

"Na ule mlango wako ni mzito," Mama Atieno akaniambia. "Kila asubuhi naufungua nikikutukana."

Nilichojifunza: order nyingi si lazima ziwe ukuaji. Siku hizi mteja akija namchunguza, anajikinga na mabaya au anajiandaa kwa mema? Wa kwanza namhudumia na mashine niliyo nayo. Kwa wa pili ndipo nafikiria kuongeza nyingine.

Wenye biashara humu, kura ikikaribia nyinyi husimamisha nini? Na huwa mnajuaje kwamba sasa ni wakati wa kuanza tena? Hiyo ya pili mimi bado sijaijua. Nifundisheni.