Sinia ya Labania

Juzi arusini binamu yangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alinishika mkono mbele ya watu akasema tangu mama yangu afariki hajaonja tena labania kama yake. Wenzake wakaitikia. Mmoja akafumba macho kabisa, eti anaikumbuka ile ladha ya pasheni. Arusi haikuwa yangu, kwa hiyo niliaga mapema, na njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu mpaka watu wakanigeukia. Waliila lini? Ni nani kati yao aliyewahi kuitia mdomoni? Mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba ile sinia kila Idi, na najua ilikoishia.

Haya, nieleze vizuri. Tulikaa Voi, kwenye nyumba za reli, miaka ya sabini. Baba alikuwa karani wa stesheni. Watu wake walitoka pwani zamani wakafungua duka mjini, na walijiona wao ndio Waislamu, sisi wengine tumekaribishwa tu. Mama alikuwa Mtaita wa Bura, kwao ni watu wa misheni, akasilimu akaolewa na baba. Alisilimu kwa moyo, si kwa mdomo. Sala ya alfajiri ni yeye aliyemwamsha baba, na baba alikuwa akiamka kwa kununa. Lakini kwa shangazi, dada mkubwa wa baba aliyekaa mtaa wa Kaloleni hapo hapo mjini, mama alikuwa "yule wa mlimani" siku aliyoolewa, na akabaki "yule wa mlimani" hata baada ya kutuzaa sote. Kiswahili chake kilichekwa mbele yake. Akisema "hii maziwa", shangazi alirudia "hii maziwa, hii maziwa", na wanawake wakajiziba midomo kwa leso.

Labania, kwa asiyeijua, ni maziwa na sukari vinavyopikwa pamoja mpaka vikakazana, vikamwagwa kwenye sinia, vikipoa vinakatwa vipande. Ni kitu cha Idi. Mama alifundishwa na jirani yetu, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mama mmoja mwema asiye na majivuno. Alipokwisha kuijua akaongeza la kwake. Kwao Bura matunda ya pasheni yalitambaa ua mzima, na mwisho wa Ramadhani nyanya alikuwa akitutumia kikapu kwa basi, pamoja na kabichi na salamu nyingi. Mama akasema hizo pasheni zitaingia kwenye labania. Mwaka wa kwanza alimimina maji yake moja kwa moja kwenye maziwa yaliyo motoni, yakakatika yote, tukafuturia uji wa ajabu ambao hata paka aliukataa. Hakukata tamaa. Hakuwa mtu wa kukata tamaa, na hilo nalo lilikuwa likiniudhi.

Alichokuja kugundua ni kwamba pasheni lazima zipikwe peke yake kwanza. Alizikamua kwenye kitambaa ili mbegu zibaki, akachemsha maji yake na sukari kidogo mpaka yakawa mazito kama asali. Kwenye sufuria nyingine aliweka maziwa, sukari na iliki, moto wa makaa mdogo, na mwiko hauachi kuzunguka. Na alikuwa amefunga, mjue. Alipika ile labania mchana wa Ramadhani, Voi, joto lile, midomo imekauka, na hawezi hata kulamba kidole. Mwonjaji alikuwa mdogo wangu wa kiume, ambaye hakuwa amefika umri wa kufunga, na kwake kila kitu kilikuwa kitamu, kwa hiyo hakuwa na faida yoyote. Mama alitumia macho. Maziwa yakianza kuachana na sufuria, alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likijikusanya likawa laini kama ndewe ya sikio, aliepua, akasubiri mvuke upungue, ndipo akatia pasheni na kukoroga kwa nguvu zake zote. Ukikawia, inagandia sufuriani. Ukiharakisha, haigandi kamwe. Ikishatulia kwenye sinia iliyopakwa samli ilikuwa ya manjano, na harufu yake ilifika mpaka kwa majirani.

Baba alikuwa hangoji Idi. Akishafuturu na kuswali magharibi, anaingia jikoni, anakalia mbuzi ya kukunia nazi, anakwangua sufuria kwa kidole mpaka ing'are. "Mke wangu, hii hata Mombasa haipo," anasema. Nilimpenda sana baba akikaa vile. Naandika hivyo ili mjue ninamsema mtu niliyempenda.

Sufuria hiyo nayo ina maneno yake. Shangazi alikuwa ameeneza habari kwamba vyombo vya mama si vya kuaminika, kwa kuwa kwao Bura wanafuga nguruwe, na mama huenda kwao akarudi na vitu. Mama alipoisikia hakugomba. Alinunua sufuria mpya na mwiko mpya hapo hapo Voi, akavifunga kwenye leso kuukuu, akaviweka juu ya kabati, na havikupika kitu kingine chochote ila labania ya Idi. Hata chai havikupika. Kisha akaenda mwenyewe Kaloleni kumweleza wifi yake, kwa adabu, kama mtu anayejitetea kortini. Na mwalimu wa chuo, ambaye ndiye aliyetufundisha sote halali na haramu, alikuwa akiletewa sahani yake kila mwaka. Anakula, anaomba dua, anauliza kama kuna nyingine. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo ya dini. Dini haikuwa na ugomvi na labania ya mama yangu.

Siku ya Idi desturi ilikuwa hivi. Wanaume wakitoka msikitini, ukoo wote unakutana kwa shangazi, na kila mke wa ukoo anatanguliza sinia yake, imefunikwa kitambaa alichoshona maua kwa mkono wake. Sinia zinapangwa kwenye mkeka sebuleni. Mgeni akionja kitu akakipenda anauliza, "Hii ya nani?" Anajibiwa: ya mke wa fulani. Basi. Hakuna zawadi, hakuna kombe. Lakini mwanamke aliyeulizwa hivyo anakaa mwaka mzima roho yake imetulia, anajua ana mahali pake. Mama alilitaka neno hilo. Sikuwahi kumwona akitaka kitu kingine kwa watu wale. Jioni tukirudi, akishavua viatu, alikuwa akiniuliza, "Waliila?" Nami nikajibu ndiyo, waliila, kwa sababu sinia ilirudi tupu na imeoshwa. Sisi watoto hatukuruhusiwa sebuleni, na mama mwenyewe alishinda uani kwa shangazi akipika pilau na wake wengine. Tungeona wapi?

Mwaka niliokuwa darasa la saba nilitumwa stoo ya shangazi kuchukua vikombe vya kahawa. Mle mlikuwa na meza ya zamani imejaa madebe. Chini yake, sakafuni, kando ya gunia la makaa, niliiona sinia yetu. Kitambaa cha mama kilikuwa bado juu yake. Nilichutama nikakifunua. Hakuna kipande kilichoguswa. Ilikuwa imekaa vile vile mama alivyoikata, kwa mshazari.

Shangazi aliingia nyuma yangu kuangalia kinachonikawiza. Hakushtuka, wala hakuona haya. Nilimwuliza mbona sinia ya mama iko huku.

"Hiyo ni ya wapagazi wa stesheni," akasema. "Kila mwaka baada ya pilau tunawapelekea, wanafurahi sana. Chukua vikombe, kahawa inapoa."

"Kila mwaka?"

"Mwanangu, mle sebuleni kuna watu wametoka Mombasa. Mimi siwezi kuwalisha watu vitu vya vyombo nisivyovijua."

Sina neno na wapagazi. Afadhali wao waliila. Lakini mama je? Miaka yote ile nilimwambia mama waliila, waliila, kumbe nilikuwa nikimpelekea uongo wa shangazi mpaka kitandani pake. Vikombe niliviacha. Niliinua sinia kwa mikono miwili, nikampita shangazi mlangoni, nikakatiza uani mama akiwa ameinamia sufuria ya pilau, nikaingia sebuleni kwa wanaume na wageni bila hodi. Nikasukuma halua ya watu kando, nikaiweka sinia katikati ya mkeka, mbele ya baba.

"Baba," nikasema, "hii ni labania ya mama. Ilikuwa imefichwa stoo. Kula, nao wale."

Nilikuwa na hakika. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilijua baba akishika kipande kimoja tu, mambo yamekwisha: mgeni aliye kando yake atachukua, atauliza ni ya nani, na baba mwenyewe atajibu. Shangazi alikuwa amefika mlangoni. Nyuma yake alikuwa mama, mwiko wa pilau bado mkononi, akiitazama sinia yake ikiwa pale kwenye mkeka.

Baba aliitazama labania, kisha akamtazama dada yake. Akajifuta mdomo.

"Nimeshiba," akasema.

Alikuwa hajala kitu. Pilau ilikuwa bado jikoni, na kila mtu pale alijua hajala. Mgeni mmoja aliyekuwa ameshanyoosha mkono aliurudisha taratibu mapajani. Shangazi akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mtoto huyu ana homa, arudi nyumbani akalale," na wanaume wakaendelea na habari zao za mvua na treni. Nilimgeukia mama. Hakuwa akimtazama shangazi. Alikuwa akimtazama baba. Kisha akarudi uani kupakua pilau.

Nimeishi sana, nimezika watu wengi, na sijui kama nimewahi kukasirika tena kiasi kile. Shangazi nilimzoea, chuki yake haikujificha. Ni baba. Hata neno halikuhitajika, ni vidole viwili tu vya kuokota kipande. Na baadaye, nikiwa njiani, likanijia jambo baya zaidi. Yeye alikaa kwenye ile sebule kila Idi. Aliziona sinia za wake wote wa ukoo, akaona ya mkewe haipo. Kisha akarudi nyumbani, akamsikia mama akiniuliza "Waliila?", akanisikia nikijibu, na akajitia hamnazo. Mwaka baada ya mwaka. Mtu anayekwangua sufuria jikoni kwake halafu akajifanya ameshiba kwa hofu ya dada yake, mimi sijui nyinyi mnamwitaje. Mimi ninalo jina la kumwita, ila yeye ni baba yangu na amekufa.

Sinia niliiinua tena mkekani, nikaibeba mwenyewe mpaka nyumba za reli, juani, na sikumpa mtu hata kipande. Baba na mama walirudi alasiri. Nilikuwa nikingoja mlangoni, maneno yamenijaa mdomoni. Nilidhani mama ataanza, nami nitamsaidia. Baba alipita, akakaa kitini, akavua kofia, akasema nimemtia aibu mbele ya watu. Mama akaniita ndani.

"Mwombe baba yako radhi."

"Mimi? Nimekosa nini?"

"Mwombe," akasema.

Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa amejishika kwenye meza kama mtu aliyechoka kusimama. Hapo nikamkasirikia na yeye. Nilitaka arushe kitu, avunje sahani, afunge nguo zake apande basi la Bura, nami nimfuate. Hakufanya hata moja. Alinitazama tu mpaka nikashindwa. Nikapiga magoti, nikashika mkono wa baba, nikasema nimekosa, baba, nisamehe.

Baba aliniwekea mkono kichwani. Akasema yamekwisha, mimi bado mtoto, amenisamehe kabisa. Sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, ndiyo maana mpaka leo sijaimeza. Kisha akamwuliza mama kama ile labania imebaki. Mama akaenda jikoni, akamchagulia vipande vizuri vya katikati, akavipanga kwenye sahani, akanipa mimi nimpelekee.