Plau Haiuzi

Generoza Masele alipunguzwa kazi mwezi wa tatu mwaka 1994, saa nne asubuhi, na mtu ambaye hata jina lake hakuweza kulisoma sawasawa. Alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika mjini Bariadi kwa miaka kumi na miwili. Barua zote za msimu wa pamba zilipita mikononi mwake, na Kiswahili kibovu cha mameneja watatu alikisahihisha bila kuambiwa asante. Siku hiyo ofisa mmoja alitoka Shinyanga, maana wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa huo, akawakusanya wafanyakazi kumi na wanane ndani ya ghala tupu na kuwaeleza habari za soko huria. Alisema pamba sasa itanunuliwa na yeyote anayetaka, kwa hiyo chama hakina tena haja na watu wote hao. Kisha akasoma majina.

"Jeneroza Maseke," alisema.

"Generoza Masele," alimjibu. "Kama unanifukuza, nifukuze mimi mwenyewe."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alirudi mezani kwake, akapiga chapa barua ya kuomba apewe taipureta ya zamani iliyokuwa imelala stoo, akaipeleka kwa meneja na kusimama mbele yake mpaka ikasainiwa. Ilikuwa barua ya mwisho aliyoiandika kwa karatasi ya chama.

Alipata nafasi barazani kwenye duka moja Somanda, kando ya barabara iendayo hospitali. Akaweka meza, kiti chake, na benchi la wateja. Watu walimletea maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, na barua za kwenda kwa watoto waliopotelea migodini. Aliwaandikia wote, na wengi aliwagombeza. Mtu akija na maneno ya kujidhalilisha, "mimi mtumwa wako mnyonge naomba kwa magoti", Generoza aliinua vidole kutoka kwenye mashine na kumwuliza kama kweli alikuwa amepiga magoti. Asiyekubali kuyafuta aliambiwa akatafute mwandishi mwingine.

Miaka ile magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanazaliwa kila mwezi. Yalifika Bariadi kwa basi la Mwanza, yakiwa yamechelewa siku mbili au tatu, na karibu kila moja lilikuwa na hadithi ya mapenzi inayoendelea kwenye kurasa za katikati. Generoza alikuwa akilinunua moja na kumsomea mama yake, Lukresia, jioni wakichambua mchicha. Lukresia hakukisikia sana Kiswahili, hivyo binti yake alimweleza kwa Kisukuma.

"Analia tena?" mama aliuliza siku moja.

"Analia, mama. Mwanamume amemwacha hotelini."

"Wiki iliyopita alilia. Wiki ya nyuma yake alilia. Huyu mwanamke hana shamba?"

Generoza alilitazama gazeti na kuona kwamba mama yake alikuwa amesema kweli tupu. Mwanamke wa hadithi hizo alikuwa na kazi mbili tu, kupendeza na kulia. Kama alitoka kijijini, aliongezewa ya tatu, kuwa mjinga. Kuna hadithi moja ambamo msichana wa Kisukuma alipanda ghorofa kwa mara ya kwanza na kumsalimia mtu aliyemwona ndani ya kioo. Wasomaji wa Dar es Salaam walitakiwa wacheke hapo. Generoza alilikunja gazeti hilo, akawashia moto.

Alianza kuandika kwa sababu ya hasira hiyo, lakini hakuanza na mapenzi. Mapenzi aliona ni ya hao hao wa magazeti. Kwanza alimtunga mpelelezi wa Dar es Salaam, mji ambao hakuwahi kufika, akamfuatisha majambazi kurasa arobaini mpaka mwenyewe akachoka kumkimbiza. Halafu alijaribu hadithi ya vijana wa kijiji walioinua maisha yao kwa ushirika, kama zile walizosomeshwa shuleni. Alipofika mahali meneja mwema anapotoa hotuba, alikumbuka lile ghala na yule ofisa, akazichana karatasi zote.

Mwezi wa kumi mwaka uliofuata, kabla mvua hazijaanza, alikuja mwanamke mrefu aliyebeba viatu vyake mkononi.

"Mwadila," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola. Nimetoka Ipililo, Maswa. Naitwa Milembe. Nataka barua ya kwenda kwa mume wangu."

Generoza aliingiza karatasi. Milembe aliketi, akavaa viatu kwanza, kisha akaanza kusema taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno njiani kote.

Mume wake, Mabula, alikwenda kuchimba dhahabu Geita miaka minne iliyopita. Alikuwa ameleta salamu mara mbili. Sasa alikuwa ametuma ujumbe kwamba anarudi na mke wa huko, na kwamba Milembe asafishe nyumba kubwa ahamie ile ndogo. "Andika hivi," alisema. "Usije kwangu. Nyumba kubwa nimeiezeka mimi. Shamba limelimwa miaka minne na mtu ambaye si wewe."

Vidole vya Generoza vilisimama. "Ni nani?"

"Hilo si la barua."

"Najua. Nauliza mimi."

Milembe akamwambia. Kulikuwa na mtu aitwaye Luhaga, mwenye maksai wanne na plau. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mwenye maksai hukimbilia shamba lake kabla ya ardhi kukauka tena. Luhaga alianza na la Milembe. Miaka minne alianza na la Milembe. Alifika alfajiri, akalima, akasalimia kutoka mbali, akakubali maji ya kunywa kwa mkono wa mtoto, na akaondoka kwenda kulima lake likiwa limeshaanza kukauka. Hakuwahi kuingia ndani ya ua. Hawakuwahi kuzungumza neno ambalo mama mkwe asingeweza kulisikia.

"Na wewe?" Generoza aliuliza.

"Mimi namchagulia maji ya mtungi wa ndani," Milembe alisema. "Yale ya baridi." Akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Malizia."

Alipokwisha kuondoka, Generoza hakupokea mteja mwingine siku hiyo. Alikasirika kwamba hadithi kama hii ilikuwa ikitembea kwa miguu kutoka Maswa, imebeba viatu, na hakuna aliyeiona, wakati magazeti yalijaa hoteli na magari na machozi. Akaona kwamba mapenzi hayakuwa ya wale wa magazeti. Walikuwa wameyachukua tu. Akaweka karatasi mpya na kuanza.

Aliandika miezi mitatu. Jina la Milembe akaligeuza kuwa Nyanjige, la Luhaga kuwa Shija, na Ipililo akaiita kijiji fulani. Alipomaliza aliituma kwa gazeti moja la kila wiki Dar es Salaam.

Hadithi ilitoka kwa matoleo sita mwaka 1996. La kwanza alilisoma akiwa amesimama barabarani, na kufikia aya ya tatu alikuwa amekaa chini. Nyanjige alikuwa amefanywa mwanafunzi wa miaka kumi na saba. Shija alikuwa mfanyabiashara mwenye gari jekundu. Maksai walikuwa wametoweka. Katika toleo la sita msichana alilia safu nzima, akanywa sumu na kufa. Juu yake kulikuwa kumeandikwa: "Na Bw. G. Masele."

Asubuhi iliyofuata alikwenda posta, akaomba simu ya Dar es Salaam, akangoja kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano. Mhariri alikuwa anaitwa Novatus, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Bwana Masele ndiyo wewe?" aliuliza. "Kumbe ni dada. Dada yangu, hongera. Tumepata barua nyingi."

"Nani kakwambia Nyanjige alikufa?"

"Ilibidi. Wasomaji wanataka machozi."

"Mimi ni msomaji. Siyataki."

"Sikiliza dada. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Mtu analima shamba, anakunywa maji, anaondoka. Hapo mapenzi yako wapi? Plau haiuzi."

"Umewahi kulimiwa shamba wewe?"

"Sijawahi."

"Basi umekata kitu usichokijua," Generoza alisema. "Na mimi si bwana wa mtu." Alikata simu mwenyewe, na karani wa posta akajifanya anapanga stempu.

Alitembea moja kwa moja hadi parokiani, alikofanya kazi Marcelo, katibu aliyesoma naye darasa moja. Ofisi ile ilikuwa na mashine ya kudurufu iliyotumika kwa matangazo ya Jumapili. Generoza alimwekea hadithi nzima mezani, ile ya kwake, yenye maksai.

"Ni ya mapenzi?" Marcelo aliuliza.

"Ni ya mapenzi."

"Gena, hii ni mashine ya kanisa."

"Isome kwanza."

Aliisoma kwa siku mbili. Alipomrudishia alionekana kama mtu aliyepungukiwa na kitu. "Nimetafuta dhambi sikuiona," alisema. "Nimeona kilimo. Lakini jana nilishindwa kula." Wakatoa nakala sitini, wakazibana kwa pini, na jina la Generoza likakaa juu kwa herufi kubwa, bila bwana. Aliziuza mwenyewe kwenye meza yake. Wauguzi wakazinunua, walimu wakaazimana, wauza nguo wakazisoma kwa sauti siku ya mnada. Kwa mara ya kwanza tangu kupunguzwa kazi, Generoza alikuwa anaamka akiwa na haraka ya kufika mezani.

Milembe alirudi mwezi wa kumi na moja. Safari hii hakusalimia. Alikuwa na nakala moja mkononi, imechakaa kwa kupita kwa watu wengi.

"Nilikuja kwako kuandikiwa barua," alisema.

Generoza alisimama. "Nilibadilisha majina."

"Ipililo kuna watu wangapi wanaoanza na shamba la mwanamke mwingine? Walimsomea Luhaga mashineni, akingoja unga. Wakamwita Shija mbele ya watu wote. Mvua imenyesha wiki mbili sasa. Hajaja. Shamba langu limekaa hivyo hivyo."

Generoza alikuwa na maneno mengi kuhusu mhariri wa Dar es Salaam na jinsi wanawake wanavyoandikwa, na alijua kwamba hata moja lisingefaa.

"Na kitu kingine," Milembe alisema, akafunua ukurasa aliokuwa ameukunja kona. "Mimi sikusoma sana, lakini hapa nimesoma. Umeandika kwamba alipoondoka niliegemea mlango nikalia. Nani alikwambia nililia?"

"Niliona kama..."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Mimi sikulia. Alipoondoka nilikwenda kupanda, kwa sababu udongo ulikuwa na maji. Ungeniuliza ningekwambia."

Akaiweka nakala mezani na kuondoka. Generoza aliketi akiwa amewaka uso. Hasira ilimpanda kama alivyoizoea, ikatafuta mtu wa kumwendea, na haikumpata mwingine. Alikuwa amemfanyia Milembe kile kile alichofanyiwa yeye na Novatus, na alikifanya akijiona mwema.

Jumamosi alipanda gari la mzigo mpaka Ipililo akiwa na jembe la mama yake. Alimkuta Milembe akilima kwa mkono eneo ambalo maksai wangelimaliza kwa siku mbili. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema, "Nimekosa," akaingia kwenye mstari wa pili. Milembe hakumfukuza. Kufikia saa sita viganja vya Generoza vilikuwa vimepasuka. Milembe aliona damu kwenye mpini, akachana kipande cha kanga na kumrushia.

"Funga," alisema. "Na usishike kama kalamu."

Siku hiyo hiyo, kabla ya kurudi, alimtafuta Luhaga. Alimkuta akishona ngozi ya nira. Alikuwa mtu mfupi, wa makamo, tofauti kabisa na alivyomwandika.

"Mayu, mama yangu, sikukasirika kwa uongo," alimwambia. "Ungeandika uongo ningecheka na wenzangu. Umeandika nilivyo. Sasa nikipita pale na ng'ombe, watu wanaacha kazi wananitazama. Nitalimaje?"

Generoza alirudi Bariadi. Alikwenda Ipililo Jumamosi nne. Walilima ekari moja tu badala ya tatu, na mwaka ule Milembe alivuna kidogo. Nakala zilizobaki Generoza alikataa kuziuza, hata walimu walipomfuata nyumbani. Mabula hakurudi na mke wake wala peke yake. Ilisemekana barua ilimfikia na akasomewa mbele ya wachimbaji wenzake. Mwaka uliofuata mvua ilipoanza, Luhaga alipita katikati ya kijiji mchana, watu wakitazama, akaenda kwa kaka yake Milembe kusema shida yake. Mazungumzo yalichukua msimu mzima. Kanisa halikuweza kuwafungisha ndoa kwa sababu Mabula alikuwa hai, nao wakaishi pamoja hivyo hivyo, na maneno ya watu yakachoka yenyewe.

Milembe ndiye aliyeruhusu hadithi itolewe tena, lakini baada ya kukaa kwenye benchi la Somanda na kusomewa yote, neno kwa neno, akikatisha kila mahali. Mlango na machozi vilitoka. Kupanda kukaingia.

Generoza ameandika vitabu vidogo kumi na kimoja tangu hapo, vyote vya mapenzi, na watu wa Bariadi wanaomjua kwa ukali wake hushangaa kwamba ni yeye. Husema hajui kuandika kitu kingine, na kwamba hajawahi kuanza hadithi akiwa ametulia. Kuna muuguzi mmoja, Scola, aliyewahi kumsimulia mambo yake na mgonjwa wa wodi ya wanaume, jambo zuri kuliko yote aliyoyasikia maishani. Generoza alimwomba ruhusa mara tatu kwa miaka miwili. Mara zote tatu Scola alikataa. Generoza alinuna, akagombana naye, akaacha kununua maandazi kwa dada yake Scola. Lakini hakuandika hata mstari.