Kiwanja Kimoja Kilichojaa Kote

Si kweli kwamba binti wa marehemu mpima ardhi alijiandikia viwanja vya mtaa mzima. Waliosema hivyo walisema wakiwa dukani, ofisini hawakuwapo. Mambo yalikuwa hivi.

Marehemu alipima viwanja miaka thelathini, na miaka yake ya mwisho kazini aliingiza ramani zote kwenye kompyuta, kila kiwanja na faili yake. Majina ya faili aliyapanga kwa namna moja tu: kitalu, kiwanja, mwaka wa kupimwa. K07_V112_1994. Wenzake walimcheka. "Mzee, andika tu 'ramani mpya', maisha yaende." Aliendelea kuandika.

Baadaye ofisi ilileta mfumo mpya, ikaonekana kwamba ndani ya faili hizo majedwali ni matupu: safu za kitalu, kiwanja na mwaka hazina kitu. Mkuu wa ofisi akataka watu wanne wakae wiki tatu wazijaze kwa mkono. Binti, aliyerithi meza ya baba yake na ukaidi wake pia, akasimama.

"Mkuu, yote yamo kwenye majina. Nipe siku mbili, kompyuta itayasoma yenyewe."

Alianza kwa kutoa nakala, zile faili za asili asiziguse, ndivyo alivyolelewa. Kisha akaandika maagizo: fungua faili, kata jina palipo na kistari, jaza safu. Jaribio la kwanza likaenda kombo. Kompyuta ilipitia majina yote, ikabaki na la mwisho mdomoni, ikalijaza kote. Na la mwisho kwenye orodha lilikuwa K31_V040_2003, kiwanja cha kwao.

Hapo ndipo alipopita karani waliyembatiza Redio, kikombe cha chai mkononi. Akakodolea macho skrini.

"Loo! Mji mzima kwenu?"

"Ni jaribio tu, kaka."

"Hata wezi huanza kwa kujaribu, dada."

Chai yake haijapoa, habari imeshafika mtaani. Mwenye duka akamwuliza mama mtu, kwa utani usio na utani, kama aanze kufunga mizigo ahame. Huko ofisini mkuu alimpa binti hadi kesho yake asubuhi: aeleze, ama aondolewe kwenye kazi ya ramani, na faili za baba yake zitupwe, kazi ianze upya.

Kuondolewa angekuvumilia. Kutupwa kwa faili za baba ndiko kulikomchoma.

Kosa alilipata kabla ya kutoka kazini. Agizo la kusoma jina lilipaswa kurudiwa kila faili inapofunguliwa. Akahamisha mstari mmoja wa maagizo, basi.

Asubuhi alimwonyesha mkuu faili za asili, nzima kama zilivyokuwa. Kisha akaendesha maagizo upya, watu wote wakitazama. Dakika nne, faili mia sita na kumi na mbili.

"Kaka Redio, chagua yoyote tuikague."

Redio akachagua kiwanja chake mwenyewe. Jedwali likasema: kitalu cha 12, kiwanja cha 58, mwaka 1998. Mkuu akafungua kabati, akatoa ramani ya karatasi yenye mwandiko wa marehemu. Sawasawa.

"Kimerudi, kaka?" binti akauliza. Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Hakuna jina hata moja lililokwama, kwa sababu mzee yule hakuwahi, hata siku aliyochoka, kuandika "ramani mpya". Mkuu aliishika ile karatasi muda mrefu. "Kumbe alikuwa anatuandikia sisi," akasema.

Jumamosi Redio alikuja nyumbani kwa binti na mama yake. Mama mtu alimkaribisha, akamkalisha, akamsikiliza hadi mwisho. Alichokisema Redio kimebaki sebuleni. Majirani wameuliza, wifi mtu ameuliza mara mbili. Jibu halijabadilika: alikuja, akaondoka, na hakuna atakayeambiwa zaidi ya hapo.