Mkunga wa Kambi Alikataa Sauti Yangu

Ukitaka kuniita mwongo, ngoja kwanza nimalize, halafu uende Ruiru uulize Shiru, mke wa kijana yangu. Huyo hajui kudanganya. Hata akipika ugali mbaya anakuambia mwenyewe kabla hujaonja. Tulikuwa na yeye, na vile niliona ndivyo aliona.

Shiru alikuwa na mimba ya tatu, na siku zake zilikuwa zimepita. Daktari alisema kesho yake arudi hospitali aanzishwe uchungu na dawa, na hiyo dawa alikuwa anaiogopa kuliko nyoka. Mimi pia nilikuwa na yangu, sikufichi. Kijana yangu alikuwa na wavulana wawili. Na kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza wa kijana yako ndiye anabeba jina lako. Sasa langu lingebebwa na nani? Nikifa lizikwe na mimi, kama haya meno mawili nimebaki nayo?

Nesi alikuwa amemwambia atembee ndio mtoto ashuke. Basi jioni, jua bado iko, nikamwambia twende nikuonyeshe mahali nilizaliwa. Si mbali. Kutoka kwa geti yao mpaka huko ni kama kuvuka soko.

Wewe unajua hayo maghorofa yote yalikuwa kahawa? Nilimwonyesha moja moja. Hapa kwa kuosha magari palikuwa na meza za kuanika kahawa. Hapa kwa kanisa ya mabati palikuwa na duka ya Mhindi wetu, na nikamtoa sauti yake: "Mama, kuja ona hii kitambaa, iko nguvu kama wewe." Nikamtoa nyapara: "Halaka, halaka, kahawa haichumwi na mdomo!" Nikamtoa Mzungu wa shamba: "Wewe nachelewa, mimi naona wewe." Shiru anacheka, anashika tumbo, ananiambia, "Mami, wacha, utanizalisha kwa barabara." Unajua mimi sikusoma. Sahihi yangu ni kidole gumba. Lakini sauti ya mtu ikiingia kwa hili sikio, haitoki.

Tukafika kambi. Hapo ndipo wachumaji walikuwa wanakaa, vijumba vimepangwa kwa laini moja. Siku hizi ni ghorofa na ukuta mrefu. Kitu imebaki ni mtaro wa mawe, ule ulikuwa unaleta maji ya kuosha kahawa, na sasa unaenda kugonga ukuta unaishia hapo. Shiru akakaa kwa hayo mawe apumzike.

Nikamwambia, hapa ndipo nilishikwa na Cucu Nyaguthii nikitoka tumboni. Huyo nyanya ndiye alikuwa mkunga wetu, alizalisha kambi nzima, na alikufa mimi nikiwa kasichana ka kuchuma nusu debe. Na hapo ndipo nikakosea. Nikashika kiuno, nikatoa sauti yake, ya puani, ya makelele: "Sukuma, mama! Unangoja nyapara akusukumie?"

"Si hivyo," mtu akasema nyuma yetu.

Nikageuka. Mwanamke mzee amesimama kwa mtaro, gunia imefungwa kiunoni vile wachumaji walikuwa wanajifunga, na mkononi ana matunda ya kahawa, nyekundu. Niambie, kahawa ya kutoka wapi? Hapo mti wa mwisho uling'olewa Shiru hata hajaolewa. Nilimjua na lile jicho lake moja dogo. Ni Cucu mwenyewe, yule tulizika.

"Mimi sikuwa napiga kelele," akasema. "Na hiyo pua si yangu, ni yako. Ilitoka ya kwanza, nikadhani ni goti."

Shiru akacheka mpaka machozi. Alidhani ni rika yangu tumezoeana matusi. Akamwamkia vizuri, kwa heshima. Cucu akamwekea yale matunda kwa kiganja, akamfunga vidole, akamwambia polepole, chini chini kama mtu anabembeleza ng'ombe, "Tembea, mama, tembea. Mtoto si mgeni. Njia ya nyumbani anaijua."

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yenyewe. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimkosea.

Halafu akaniangalia mimi, akapiga ngemi, vigelegele vya kupokea mtoto. Zetu unazijua: mvulana tano, msichana tatu. Moja. Mbili. Tatu. Nikashika pumzi nikingoja ya nne. Niamini, sijawahi kungoja kitu hivyo, na mimi niliwahi kungoja bwana arusi siku mbili.

Ya nne haikuja. Cucu akafuata mtaro, akaenda mpaka kwa ukuta, na hakukata kona. Ukuta ukabaki. Yeye hakubaki.

Shiru akaniuliza, "Mami, huyo amepitia wapi?" Kabla sijafungua mdomo, chupa ikapasuka, maji yakalowesha yale mawe.

Watu hawakuwa wamepakua chakula ya jioni na yeye alikuwa amezaa. Bila dawa. Msichana, na pua yangu yote. Nesi alipomfungua Shiru kiganja alipata matunda mawili ya kahawa, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kupanda.

Tulipanda kwa debe. Mti umemea, uko kwa balcony yao, na mwenye jina langu anaumwagilia maji kila asubuhi. Mimi nikipumzika kwa ngazi kwa sababu ya haya magoti, ananisukuma mgongoni, ananiambia, "Tembea, mama, tembea." Chini chini. Hakuna mtu alimfundisha. Mimi mwenyewe nimejaribu kuitoa hiyo sauti, na inatoka hewa tupu.

Kwa hivyo wewe unapenda kuiga watu, iga walio hai, watakutukana na mtaelewana. Mtu wa kaburini mwache, ama umwige sawasawa, kwa sababu anasikia. Na siku utasikia mtu nyuma yako anasema "si hivyo", usikimbie. Nyamaza, uanze kuhesabu.