Matanga Katika Nyumba Tuliyonunua

Nyumba yetu ya mtaa wa Simi-Simi tuliinunua ikiwa bado rehani. Papa aliyetuuzia, mzee mmoja mwalimu mstaafu, alikuwa ameichukulia mkopo benki na hakuumaliza. Tukampa sehemu yake mkononi, tukahamia, na mkopo tukauacha palepale kwa jina lake. Kila mwezi mume wangu alikwenda kulipa dirishani kana kwamba ametumwa na mzee. Benki hawakuambiwa kitu, na hati ya nyumba walikuwa nayo wao. Sisi tulikuwa na karatasi ya mauziano ya kuandika kwa mkono tu, shahidi ni mke wa mzee. Akili gani hizo, jamani!

Tangu hapo roho yangu ilikaa kwenye kifua cha yule papa. Akikohoa kanisani, mimi nahesabu miezi ya mkopo iliyobaki. Nilimpelekea mchuzi wa samaki wa wavuvi Wagenia, nikamgombeza akitembea kwenye mvua, hadi watu wakanisifu kwa upendo. Upendo gani? Ilikuwa hofu tupu.

Akafa hata hivyo.

Kwetu mtu huliliwa kwenye kiwanja chake. Matanga yanapokaa, mtaa mzima unajua mwenye nyumba ni nani. Asubuhi nilikuwa uani natwanga pondu, majani ya muhogo, nikasikia lori linasimama nje. Turubai, viti vya plastiki, na ndugu zake kutoka Barumbu ambao hawakujua kwamba nyumba iliuzwa. Mdogo wake alishafungua lango. Mume wangu yuko kazini. Hawa wakishaketi kama wenyeji, nikawaza, hawatoki tena, na karatasi yetu tutafungia karanga.

Mjane akashuka, akamshika shemeji yake mkono.

“Ngoja, shemeji. Ku nyumba ya batu tunapigaka hodi kwanza.”

Akagonga lile lango lililokuwa wazi, mbele ya ukoo wote, akaniomba uwanja wa kumlilia mume wake. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaangua kilio kuwapita wafiwa.

Hati bado iko benki, kwa jina la marehemu, na mume wangu bado anakwenda dirishani. Anayeweza kututolea ushahidi kwa upande wao ni yule mama mjane peke yake. Jumapili iliyopita, kanisani, nilimsikia anakohoa. Nilitoka kabla ya baraka, nikaenda kutafuta samaki.