Nyuzi Mbili, Wifi Mmoja

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Fundi piano wa shule ya muziki alisema wahenga hao hawakuwahi kukutana naye.

Alipokuwa na miaka tisa alipelekwa kwenye usaili katika shule hiyohiyo. Mwalimu aliutazama mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu tangu kuzaliwa, akasema piano ni ya vidole kumi. Mtoto akarudishwa nyumbani bila kugusa hata kibao kimoja. Miaka thelathini na mitano baadaye, piano zote saba za shule hazikuwa na sauti ya maana mpaka mkono huohuo uzikaze nyuzi. Jambo hilo alilifurahia, wala hakuona haya kulifurahia.

Kilichomchokoza safari hii ni habari ya wifi yake, mke wa kaka yake, mfua nguo wa hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye mdomo usio na breki. Wifi alikwenda kujiandikisha darasa la piano, akaambiwa mwisho ni miaka ishirini na mitano.

"Wananiona nimeoza," alilalamika. "Mikono hii imefua mashuka ya wodi nzima, leo ishindwe kubonyeza vibao?"

Fundi aliumia kana kwamba ana miaka tisa tena.

"Alhamisi njoo kazini kwangu, wifi," akasema. "Liwalo na liwe."

Uzi mpya wa piano una tabia ya kulegea. Ukishaukaza, piano lazima ipigwe, tena ipigwe haswa, ndipo uzi utulie ukazwe mara ya pili. Siku zote fundi alikuwa akiipiga mwenyewe. Alhamisi hiyo alimkalisha wifi kitini, akamwelekeza kidole kipi kiende wapi. Kwenye fomu ya kazi, chini ya "Vifaa vilivyotumika", akaandika: Nyuzi mbili. Wifi mmoja.

Mkuu wa shule alisaini bila kusoma, wiki sita mfululizo. Wiki ya saba wifi alikuwa ameshaweza wimbo mzima kwa mikono miwili, na alivyo hajui kujizuia, akauimba kwa sauti. Mlango ukafunguliwa.

"Huyu nani?" Mkuu akauliza.

"Kifaa, Mkuu. Kimo kwenye fomu."

"Kifaa gani kinacheka?" maana wifi alishaangua kicheko.

Mkuu aliisoma fomu, akatoa kalamu, akakata "Wifi mmoja" kwa mstari mnene. "Akiingia tena humu, na wewe kazi huna."

Fundi aliogopa. Shule nyingine yenye piano haikuwepo karibu. Lakini aliutazama ule mstari, akamkumbuka yule mwalimu, na hofu ikageuka hasira. Akautia mfukoni ufunguo wake wa kukazia nyuzi.

"Mitihani ni Jumatatu, Mkuu. Nyuzi hizi zisipopigwa leo, zitalegea mbele ya watahini."

"Basi zipige wewe!"

"Piano ni ya vidole kumi," fundi akasema, akiunyanyua mkono wake wa kushoto. "Mimi ninavyo vinane."

Mkuu aliangalia piano, akaangalia saa, akairudisha "Wifi mmoja" kwenye fomu, akasaini.

Alhamisi iliyofuata fomu ilisomeka: Nyuzi mbili. Mawifi wanne.